Sare ya Hatua ya Thelathini na Saba

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aage mapema, maana hasira ya mwanamke huyu haielezeki kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Kiwandani kwao hakuna anayemwita jina lake. Wanamwita Mkasi. Kiwanda kinatengeneza makoti ya mvua, na yeye yuko chumba cha ukataji, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yake ukiiona kwa mbali utadhani ni rahisi: vitambaa arobaini vinatandazwa mezani kimoja juu ya kingine, yeye anachora juu kwa chaki, kisha anapitisha mashine ya kukatia mara moja, na makoti arobaini yanapatikana kwa mpigo. Lakini mkono ukiteleza upana wa kidole, basi hujaharibu koti moja, umeharibu arobaini, na kitambaa kilichokatwa hakirudi kuwa kizima hata ukilia. Ndiyo maana Mkasi ana daftari. Hakati kitu kabla hajaandika: tabaka ngapi, upana gani, saizi ipi. Wenzake humcheka. "Mkasi akitaka kupiga chafya," wanasema, "anaandika kwanza." Yeye hajali. Miaka kumi na tisa, na hakuna anayekumbuka koti lenye mkono mfupi lililotoka mezani kwake.

Sataranji aliikuta ukubwani. Miaka minane iliyopita transfoma ya kiwanda iliungua, wakakaa wiki tatu bila umeme. Wafanyakazi walikuwa wanakuja asubuhi, wanasaini, wanakaa kantini kupiga soga mpaka saa ya kutoka. Sista wa zahanati ya kiwanda, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaleta ubao wake. Mkasi alikaa mbele ya ubao ule kwa kutania tu, akafungwa mara kumi na moja mfululizo. Alipoinuka alikuwa amefura. Wengine huupenda mchezo kwa utamu wake. Yeye aliuanza kwa kisirani.

Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi na roho nyeupe, akamtafutia kitabu cha mtumba. Kilikuwa kimechanika mbele na nyuma. Sura moja tu ndiyo ilikuwa nzima, nayo ilihusu ulinzi wa Sisilia. "Mke wangu," akamwambia, "nimekuletea robo ya kitabu, lakini ni robo nono." Mkasi akaisoma robo ile mpaka nyuzi zikaachia.

Kwa wale wasioujua mchezo, niseme hivi. Mwenye kete nyeupe huanza, na mara nyingi humsukuma askari wa mbele ya mfalme nyumba mbili. Wengi wakiwa na nyeusi hujibu kwa kumweka askari wao uso kwa uso na yule, wakatazamana kama majogoo. Anayecheza Sisilia hafanyi hivyo. Anamtoa askari wa tatu kutoka mkono wake wa kulia, pembeni kidogo, kama mtu anayepitia uchochoroni. Toka hapo hakuna amani. Ni ulinzi kwa jina tu. Kwa kweli ni ugomvi. Watu wengi wanaupenda, na Mkasi hakuwa na mwingine.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kila mwaka viwanda vya pale mjini hushindana sataranji. Kila kiwanda hupeleka wachezaji wanne na mmoja wa akiba. Anayekaa meza ya kwanza ndiye hukutana na vigogo wa viwanda vingine, na hao ndio Mkasi aliokuwa akiwatamani. Miaka mitatu mfululizo alipelekwa kama mchezaji wa akiba. Miaka mitatu alikaa nyuma ya wenzake, akiwaoshea vikombe vya chai na kuwatazama wakifungwa, wala hakugusa askari hata mmoja.

Meza ya kwanza ilikuwa ya Msimamizi wa ukumbi wa cherehani. Huyu bwana si mjinga kwenye ubao, tusimsingizie. Lakini alikuwa pia katibu wa klabu ya sataranji ya kiwanda, na kanuni za klabu zimeandikwa kwa mkono wake. Kanuni ya sita inasema mshindi wa mashindano ya ndani anakaa meza ya kwanza. Meza zilizobaki katibu atapanga. Na katibu alipanga watu wa ukumbi wake wa cherehani, kila mwaka. Kanuni ya saba inasema pointi zikilingana, mwenye nafasi anabaki na nafasi yake. Mkasi aliwahi kuuliza kikao gani kilipitisha kanuni ya saba. Akaambiwa, "Dada, soma tarehe pale chini." Akaisoma. Ilikuwa tarehe ya sikukuu, kiwanda kimefungwa.

Mwaka huu, hadi mashindano ya ndani yanafika raundi ya mwisho, wote wawili walikuwa na pointi sita kwa sita. Mkasi akishinda, meza ya kwanza ni yake. Akifungwa, anarudi kuosha vikombe. Wakitoka sare, anarudi kuosha vikombe vilevile.

Walicheza Jumapili mchana, kantini, meza zimesukumwa ukutani, feni juu inalia kama mlango wenye kutu. Watu kama thelathini walisimama kuzunguka. Refa alikuwa Sista. Kila mchezaji alipewa saa moja na nusu kwa hatua arobaini; akizimaliza hizo anaongezewa nusu saa. Muda ukimwishia kabla ya hatua ya arobaini, amefungwa, hata kama ubao wote ni wake.

Msimamizi alipewa nyeupe. Akamsukuma askari wa mfalme nyumba mbili. Mkasi akamtoa wake pembeni.

"Sisilia tena?" Msimamizi akatabasamu. "Dada, badilisha mboga hata siku moja."

Mkasi akaandika hatua kwenye karatasi yake, akabonyeza saa.

Hatua ya kumi na moja Msimamizi akabadilishana malkia kwa malkia. Hatua ya kumi na mbili akanyoosha mkono juu ya ubao. "Sare?"

"Cheza."

Akabadilishana farasi. Akabadilishana maaskofu. Alikuwa anafagia ubao kama mtu anayetaka kufunga duka. Hatua ya kumi na tisa mkono ukanyooka tena. "Sare, dada? Tukanywe chai."

"Nenda ukanywe. Saa yako itakungoja."

Watu wakacheka. Hatua ya ishirini na nne akanyoosha mkono mara ya tatu, safari hii kwa kunong'ona, wakati Mkasi yuko katikati ya kufikiri. Mkasi akageuka. "Sista, huyu ananipigia kelele masikioni."

"Msimamizi," Sista akasema bila kuvua miwani, "ukiuliza tena kabla ubao haujabadilika, nakuandikia onyo."

"Jamani! Ustaarabu nao ni kosa?"

"Hapa ndiyo."

Mkasi masikio yalikuwa yanawaka. Hasira ile ilimsaidia upande mmoja, ikamla upande mwingine. Alicheza vizuri kuliko siku zote. Alipofika hatua ya thelathini, kila mmoja alikuwa amebaki na kete moja kubwa, ngome, lakini yeye alikuwa na askari mmoja wa ziada, na mfalme wa Msimamizi amebanwa ukingoni. Ila kila hatua alikuwa akiihakiki mara tatu, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Hatua ya thelathini na mbili akatupia jicho saa yake. Dakika tatu. Na hatua nane hazijachezwa.

Akaona njia. Mtu aliyebanwa na muda na mwenye nguvu ubaoni hufanya hivi: anarudiarudia hatua zisizo na hatari ili hesabu ifike arobaini, aongezewe nusu saa, ndipo akae kumaliza kazi kwa utulivu. Hila hii ni halali, ina mpaka mmoja tu. Ubao ukifikia hali ileile mara tatu, na zamu ni ya mtu yuleyule, yeyote kati yao anaweza kudai sare. Mara mbili ruhusa. Mara tatu umekwisha.

Hatua ya thelathini na tatu ngome ya Mkasi ilitoka mbali, upande wa kushoto, ikamtishia mfalme. Mfalme akakimbilia pembeni kabisa. Hatua ya thelathini na nne ngome ikateremka kumtafuta askari, mfalme akarudi. Hapo ndipo Mkasi akaamua kurudiarudia. Thelathini na tano ngome ikapanda, mfalme akaenda pembeni. Moja, akahesabu moyoni. Thelathini na sita ngome ikateremka, mfalme akarudi. Thelathini na saba ngome ikapanda. Mfalme akienda pembeni, mbili. Baada ya hapo nabadilisha.

Mfalme hakuenda. Msimamizi aliandika hatua yake kwenye karatasi, hakugusa kete, akasimamisha saa. Hivyo ndivyo inavyodaiwa, na alikuwa anajua.

"Refa. Nikicheza niliyoandika hapa, ubao umerudi mara ya tatu. Nadai sare."

"Mara ya pili!" Mkasi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mara ya pili, Sista! Nimehesabu!"

"Keti, mama. Tutaona."

Sista alichukua ubao wa pembeni na karatasi ya Msimamizi, akaanza kupanga hatua moja moja. Alipofika thelathini na tatu akasita. Akarudi nyuma. Akapanga tena. Akainua karatasi akaisogeza karibu na miwani.

"Hii haiendi," akasema. "Hatua ya thelathini na nne hukuiandika."

"Haiwezekani."

"Ulikuwa unakunywa maji. Kwa karatasi hii, ngome yake imepaa kama kuku. Siwezi kukupa sare kwa karatasi iliyoruka."

Mnaelewa maana yake? Dai likianguka, Mkasi anaongezewa dakika mbili na mchezo unaendelea. Dakika mbili, kwa mtu aliyebakiza hatua tatu tu kufika arobaini, ni mali ya kutosha. Meza ya kwanza ilikuwa imelala pale mbele yake.

Sista akamgeukia. Alisema polepole, na kila aliyekuwepo alisikia kwamba anampa mtu haki yake yote. "Mkasi. Ukiwa chini ya dakika tano, kanuni haikulazimishi kuandika. Wewe ulikuwa chini ya dakika tano. Uliendelea kuandika, au uliacha?"

Karatasi ilikuwa chini ya mkono wake, imefunikwa mpaka kwenye kiwiko. Nyuma yake mumewe akakohoa. Akakohoa tena. Yule mtu haumwi kifua, kila mmoja anajua. Nani angemshangaa Mkasi akisema aliacha? Nani anaandika hatua akiwa na dakika moja na nusu?

Na hapa Msimamizi, ambaye angenyamaza tu, hakuweza kunyamaza.

"Hata kama aliandika, Sista, utasoma nini? Mtu alikuwa anatetemeka hivi. Utakuta minyoo imetambaa."

"Nimeandika," Mkasi akasema. "Zote." Akaichomoa karatasi, akaibwaga mezani hadi kete zikaruka. "Soma! Nionyeshe mnyoo!"

Baadaye aliniambia kwamba mdomo ulikuwa umeshatangulia. Hakuwa ameamua kuwa mkweli. Alikuwa ameamua kutotukanwa mwandiko.

Karatasi ilikuwa safi kama ukurasa wa daftari la ukataji. Sista akapanga. Thelathini na tatu: ngome inatoka kushoto, mfalme anaenda pembeni. Akaweka kidole. "Moja." Thelathini na tano. "Mbili." Thelathini na saba, na ile aliyoandika Msimamizi. Kidole kikatua palepale.

Kosa lilikuwa pale pale peupe. Mkasi alianza kuhesabu tangu alipoamua kurudia. Ile ya kwanza hakuihesabu kwa sababu ngome ilifika ikitokea upande mwingine, kwa kazi nyingine. Lakini ubao hauulizi umetokea wapi. Ubao unauliza uko wapi.

"Sare," Sista akasema.

Msimamizi alivuta pumzi, akacheka, akanyoosha mkono wake kwa mara ya nne siku ile. "Asante, dada. Kwa kweli bila karatasi yako ningekwisha."

"Sikukupa wewe. Nilimpa refa."

"Basi usinune. Sare na mimi si aibu. Wengi wangeifurahia."

"Wape hao wengi."

Akasaini, kwa sababu ilikuwa kweli, na kalamu ikatoboa karatasi. Watu wakaja kumpiga bega. Umecheza vizuri, Mkasi. Sare si kufungwa, Mkasi. Mwakani, Mkasi. Kila pole ilimwingia kama pini. Ningekuwa karibu ningewaambia wanyamaze. Mtu amenyang'anywa kitu kwa haki, tena kwa mkono wake mwenyewe. Hasira yake haina pa kukaa. Atamkasirikia nani? Sista alifuata sheria. Msimamizi alidai chake. Akamgeukia mumewe.

"Na wewe ulikuwa unakohoa nini?"

"Vumbi."

"Vumbi! Ulitaka niseme uongo mbele ya watu wote hawa."

"Nilitaka ushinde, mama watoto. Uongo ulikuwa juu yako, mimi nilileta kikohozi tu."

Sista alicheka. Mkasi hakucheka. Alikuwa ameketi tena upande wa nyeusi, anazipanga kete kama zilivyokuwa hatua ya thelathini na saba. "Msimamizi, kaa. Tumalizie. Haihesabiwi."

"Nina safari, dada."

"Dakika kumi."

"Mchezo umekwisha. Sare ni sare." Akachukua koti lake akatoka, na watu wawili wa cherehani wakamfuata.

Basi Sista, kwa kuwa kazi ya urefa ilikuwa imekwisha, akavuta kiti cha Msimamizi akakaa upande wa nyeupe. Walicheza bila saa. Mara ya kwanza Mkasi akabadilisha pale pale, akamtoa mfalme wake, yule askari wa ziada akatembea mpaka mwisho akawa malkia. "Umeona!" akapiga meza. "Umeona!"

"Ngoja," Sista akasema. "Mimi nimecheza vibaya. Rudisha."

Wakarudisha. Sista akaiweka ngome yake nyuma ya askari yule, akang'ang'ania hapo. Mkasi akajaribu huku, akajaribu kule. Askari hakupita. Wakarudisha tena, akapita. Wakarudisha ya nne, hakupita. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kwao, jua likiwa bado liko madirishani.

Mumewe alikuwa ameegemea ukuta. "Kwa hiyo," akauliza kwa uangalifu, "kwa kweli kabisa ilikuwa sare?"

"Haikuwa sare," Mkasi akasema. "Ilikuwa haijaisha. Sikiliza vizuri. Haijaisha! Angeweza kuishika. Angeweza kuiangusha. Mimi nilikuwa na haki ya kukaa pale nusu saa nzima nikamtazama akihangaika. Hicho ndicho nilichokitaka. Si kombe, si makofi. Nusu saa na mtu anayehangaika mbele yangu. Nami nimeikata mwenyewe, kwa kuhesabu vibaya, mimi! Miaka kumi na tisa sijakosea tabaka moja!"

Sista alikusanya kete, akaziweka kwenye kisanduku.

Jumatatu asubuhi orodha ya timu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa kantini. Meza ya kwanza, Msimamizi. Ya pili, ya tatu, ya nne, watu wa cherehani, hata yule aliyemaliza mashindano akiwa na pointi mbili. Akiba, Mkasi. Alisimama pale na ovaroli lake, akasoma mpaka chini. Akatoa rula na kalamu mfukoni, akalikata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka.

Msimamizi alikuwa anapita. "Unafanya nini sasa? Hiyo ni karatasi ya klabu."

"Najitoa."

"Kwa hasira tu."

"Ndiyo. Kwa hasira."

"Unajiadhibu mwenyewe, dada. Nani ataumia? Tutakwenda bila akiba, basi. Na wewe hutaenda kabisa."

"Najua sitaenda." Aliirudisha kalamu mfukoni. "Miaka mitatu mmekwenda na mimi, na sikwenda. Mwaka huu angalau sitaosha kikombe. Na mwakani, bwana katibu, nitakuja kwenye kikao cha kanuni ya saba. Unitangazie tarehe, isiwe ya sikukuu."

"Kikao kinaitishwa na katibu."

"Basi kiitishe. Nitakuuliza kila siku mlangoni, ukiingia na ukitoka. Leo nimekuuliza mara moja."

Honi ya kuanza kazi ikalia. Yeye akaelekea chumba cha ukataji. Vitambaa vilikuwa vimeshatandazwa, kijani kibichi, arobaini. Aliyekuwa anatandaza akamwuliza mambo yalikwendaje jana.

"Sare," akasema, na akaitamka kama mtu anayetema mbegu. Kisha akavuta daftari.

Ilikuwa bado saa mbili asubuhi. Saa kumi jioni, Msimamizi alipotoka, Mkasi alikuwa amesimama getini. Akamwuliza mara ya pili.